Buluu Kwenye Kitambaa

Wewe uliyeambiwa kizazi chako kitolewe, na tangu siku hiyo unawajibu watu "sijambo" huku hofu imekujaa, maneno haya ni yako. Sitakufundisha udaktari maana siujui. Jina langu Minza, na mimi ni fundi cherehani. Nitakueleza niliyoyaona na jinsi nilivyoogopa, kwa sababu miaka ile ya tisini nilipokuwa naumwa, kila aliyekuja kunipa pole aliniambia nisiogope, na hilo halikunisaidia hata kidogo. Nilitamani mtu mmoja tu aniambie kwamba na yeye aliogopa vilevile, na bado yupo.

Kisu chenyewe hakikunitisha sana. Kufa niliogopa kwa kiasi, kama mama yeyote mwenye mtoto. Kilichoninyima usingizi ni mkojo. Niliogopa kwamba wakishanitoa kizazi nitakuwa kama dada yangu Kabula.

Kabula ndiye mkubwa, mimi namfuata. Aliolewa ng'ambo ya mto, upande wa Mhunze, na uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimkuta mvua zimeujaza mto. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakafika ukingoni, wakakaa kungoja maji yapungue. Yalipopungua, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Haikupita muda Kabula akaanza kuvuja. Mkojo haukumpa dalili, haukungoja afike msalani. Ulitoka amekaa, ulitoka amesimama, ulitoka amelala. Mumewe alivumilia mavuno mawili kisha akamrudisha kwa baba, na ng'ombe wa mahari nao wakarudi kwao. Waganga walimpa mizizi. Zahanati walimwambia itakoma yenyewe. Akabaki kwenye kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba ya baba, na watoto wa jirani wakajifunza kuziba pua.

Lakini ungeona vitambaa vyake. Wengine wenye shida ile hujifunga tambara lolote lililopo. Kabula alikataa. Alinunua bafta nyeupe, akaikata vipande vya mraba, akavifua kila siku kwa sabuni ya mche, akavichemsha, na maji ya mwisho ya kusuuza akayatia buluu ya kufulia kama tunavyofanya kwa shuka za wageni, ili nguo nyeupe iwe nyeupe kwelikweli. Halafu akavipiga pasi ya mkaa na kuvikunja. "Waseme nanuka," aliniambia siku moja, "lakini wasiseme mchafu."

Basi huyo ndiye niliyekuwa namwona kila nikifumba macho.

Damu yangu mimi ilianza msimu wa pamba, wakati ambao fundi hana nafasi ya kuumwa. Watu wanauza pamba, wanataka nguo mpya, na mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Mzee Hasanali pale Kharumwa. Siku zangu zikaja zikakataa kuondoka. Zikaisha kidogo, zikarudi na mabonge. Nikaacha kuvaa nguo za rangi ya kung'aa. Nikawa nakaa juu ya kiti tangu asubuhi bila kuinuka, kwa sababu kuinuka ni kugeuka nyuma, na kugeuka nyuma ni kuona. Mama Yasmini, mke wa Mzee Hasanali, alikuwa mtu wa maneno mengi juu ya kila jambo, lakini juu ya hilo hakusema neno. Asubuhi moja nilikuta kwenye kiti changu mto mdogo wa kitambaa cheusi. Baada ya siku chache nikakuta mwingine mpya. Ule wa zamani sikuuona tena wala sikuuliza.

Nilikwenda hospitali ya wilaya nikiwa nimepauka. Kwenye benchi la kungojea tulikaa wanawake tumebanana, kila mmoja na kadi yake mkononi, na mama mmoja wa Bugarama akanisogelea. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia kuna uvimbe, wanasema kizazi kitolewe.

"Eee, mama," akasema akishusha sauti, ingawa benchi zima lilisikia. "Uangalie sana. Wakitoa kizazi wanakata na kibofu. Jirani yangu aliingia mzima, akatoka anachuruzika. Sasa hivi analala na ng'ombe."

Nilipoitwa ndani nilimwambia daktari nakwenda kufikiria. Nikarudi Kharumwa na vidonge vya kuongeza damu, nikafikiria miezi mingi, na damu ikaendelea kutoka nikiwa nafikiria.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Mume wangu, Baba Masanja, alikuwa mchimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na alikuja nyumbani mara chache akiwa mwekundu wa vumbi. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba mwanamke asiye na kizazi ni nyumba isiyo na mlango. Yeye hakulirudia neno hilo mbele yangu, nililisikia kwa wifi, lakini nililiona usoni mwake akila.

"Si uende wakakate tu?" aliniambia.

"Na nikivuja?"

"Utavuja vipi? Si wanashona?"

"Kabula nani alimshona?"

"Kabula alizaa. Wewe huzai."

"Hivyo ndivyo mama yako anavyosema?"

Aliweka kijiko chini, akatoka nje, akakaa juu ya kinu kilicholala. Nilimkasirikia sana. Nilipotoka kumwaga maji nikamkuta analia, na hasira ikaniishia, ikabaki hofu peke yake. Mwanamume yule alikuwa akiteremka shimoni kwa kamba kila siku akicheka. Kama yeye analia, mimi nimebakiwa na nini?

Nilianguka mvua za kwanza ziliponyesha, nikiwa nakata gauni la harusi. Mama Yasmini alinipakia kwenye gari la mzigo la duka, mguu mmoja juu ya gunia la sukari, akanipeleka mwenyewe mpaka hospitali ya misheni upande wa Shinyanga. Baba Masanja akatufuata, akatolewa damu, nikaongezewa mimi. Nilipopata nguvu ya kusikiliza, Sista wa wodi akaniambia nina bahati: daktari bingwa kutoka Mwanza, anayekuja mara moja moja, yupo wiki ile.

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, anayekaa kitandani kwa mgonjwa badala ya kusimama miguuni kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipapasa tumbo, akasema kizazi changu hakijawa kikubwa mno, ataweza kukitoa kwa njia ya chini bila kunipasua tumbo. Nitapona upesi, maumivu yatakuwa kidogo.

"Unaogopa nini?" akaniuliza, maana sikufurahi.

"Kuvuja."

"Nani kakwambia utavuja?"

"Sijaambiwa. Nimeona kwa mtu wa kwetu. Na kuna mama wa Bugarama."

Wengine hapo wangeniambia nisiogope. Yeye aliniuliza kazi yangu, nikamwambia.

"Ukishona gauni lenye bitana," akasema, "hujawahi kushonea na kisichotakiwa?"

Nilicheka bila kupenda. Hakuna fundi ambaye hajashonea mkono wa nguo na kifua chake.

"Unajuaje kwamba umeshonea?"

"Nageuza nguo naiangalia kabla sijakata uzi."

"Sasa sikiliza, Mama Masanja. Kibofu kimelala juu ya kizazi, vimegusana. Na kuna mirija miwili inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, mmoja kulia na mmoja kushoto, inapita karibu kabisa na mahali nitakapofunga mishipa ya damu. Anayekwambia haviguswi anakudanganya. Lakini mimi nageuza nguo. Kabla hujashuka mezani nitakutia dawa ya rangi kwenye mshipa. Figo zitaivuta. Nitaingiza kidude chembamba chenye taa ndani ya kibofu, nitazame ile mirija inavyotema. Nikiona wa kulia umetema rangi na wa kushoto umetema rangi, ndiyo nakushusha."

"Na ukikuta umeshonea?"

"Nafumua palepale. Kinachowaharibu watu ni kutoangalia, ukaja kujua umekwisha rudi nyumbani."

Hakuniahidi kitu. Nilimsikiliza nikingoja aniahidi, naye akaniachia niamue. Nikakubali, na nilipokubali nikatetemeka mpaka kitanda kikalia.

Kabula alikuja kuniuguza. Hakuna aliyemtuma. Alisikia kwa watu wa mnadani, akatembea, akadandia gari la pamba, akafika na michembe ya viazi vikavu, karanga, na furushi kubwa lililofungwa kwa kanga. Ndani ya furushi kulikuwa na vitambaa vyake, vyeupe, vimekunjwa kwa mstari.

"Nimekuletea vya kwangu," akasema. "Hospitali hawana vitambaa. Hivi vimechemshwa, gete, kweli kabisa."

Hakukaa kitandani kwangu. Alikaa sakafuni karibu na mlango, mahali penye upepo, na mtu akipita alijivuta pembeni. Usiku alilala kwenye banda la jikoni wanakolala ndugu wa wagonjwa, mwishoni kabisa. Nilimtazama pale mlangoni nikampenda na nikaogopa, yote kwa pamoja, na sijui kama unanielewa nikisema sikutaka kumtazama sana.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Walinichoma sindano ya mgongo, na kuanzia kitovuni kushuka chini nikawa sina mwili. Miguu wakainyanyua, wakaifunga juu. Niliiona ikipita kama miguu ya mtu mwingine. Mbele ya macho wakanitundikia kitambaa cha kijani, kimeshonwa pindo vibaya, na mimi nikashika ule mshono kwa macho nisiuachilie. Kichwani pangu alikaa nesi wa ganzi, kijana wa kike wa kutoka Bukoba, mkono wake begani kwangu.

Sikusikia maumivu. Nilisikia kuvutwa, na vyuma, na jenereta nje. Kisha daktari akasema, "Kizazi hiki hapa." Nilidhani nitahuzunika. Sikuhuzunika. Nilikuwa nangoja jambo jingine.

"Wekeni dawa ya rangi."

Nesi akaisukuma sindano kwenye mpira wa dripu. Dawa ilikuwa buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, na niliisikia ikipanda mkononi, baridi. Wakazima taa kubwa. Mimi nikajua sasa anachungulia.

Tulingoja. Nani angejua kwamba kuna siku nitalala nikiomba Mungu mkojo?

"Wa kulia umetema," daktari akasema. "Vizuri sana. Mzuri."

Nesi akanibana bega.

"Wa kushoto?" aliuliza msaidizi wake.

"Bado."

Nikatazama mshono wa kijani. Nilianza kusali nikasahau sala katikati. Nikawaza kile kibanda nyuma ya nyumba ya baba, nikajiuliza kama kitatutosha wawili, au baba atajenga kingine. Nikawaza Masanja wangu akiziba pua. Sikuwaza kingine chochote cha maana, nakwambia ukweli.

"Fungulieni maji yaende kasi."

Dripu ikafunguliwa.

"Bado."

"Mpe sindano ya kukojoza."

Nikapewa. Nikasikia daktari akipumua. Kila mtu mle ndani alikuwa amesimama bila kugusa kitu, na jenereta lilikuwa likinguruma, na mimi nikashindwa.

"Daktari," nikasema kwa nguvu, "umeshonea?"

Hakuna aliyecheka.

"Tulia, mama. Bado natazama."

Alivyosema "bado", sauti yake haikuwa ya mtu aliye na hakika. Mpaka leo naisikia sauti ile. Nikafumba macho.

"Haya," akasema baadaye. "Huyo. Umetema. Tena. Na tena. Rangi safi kabisa."

"Wabeja," akasema yule nesi juu ya kichwa changu, Mhaya wa watu anashukuru kwa Kisukuma. Machozi yakanitoka yakaingia masikioni, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono walikuwa wameifunga.

Wodini walinining'inizia mfuko wa mkojo ubavuni mwa kitanda, na mkojo ulikuwa wa buluu iliyochanganyika na kijani. Baba Masanja alipokuja saa ya kutazama wagonjwa alisimama akautazama huo mfuko badala ya kunitazama mimi.

"Wamekunywesha mrututu?" akauliza.

"Ni dawa ya rangi. Kwenye mfuko ni nzuri. Ikitokea kwenye kitambaa, ndiyo imeharibika."

Hivyo ndivyo daktari alivyokuwa amesema. Alimwambia Sista, akamwambia na Kabula, kwamba mirija ameiona ni mizima, lakini kibofu ni kitu laini, na kitambaa cha chini kikionyesha rangi hiyo aitwe upesi, hata kama anakula. Kwa hiyo kila nilipobadilishwa, Kabula aliipeleka pamba dirishani akaitazama kwa mwanga, kisha akaniambia, "Damu tu." Nami nikashusha pumzi mpaka zamu nyingine.

Pamba za hospitali zikaisha. Kabula akafungua furushi lake.

Ilikuwa asubuhi, uji umekwisha gawiwa. Alinibadilisha, akaenda dirishani, na hakusema kitu. Nikangoja. Alisimama amenipa mgongo, kitambaa kimefunguka mikononi mwake.

"Dada?"

Hakugeuka.

"Dada, ni damu?"

Alipogeuka nilikiona. Pembeni mwa damu, kwenye weupe, kulikuwa na baka la buluu lililosambaa kwa unyevu, kubwa kuliko kiganja.

Sijui nikueleze vipi. Mwili wote uliniambia: ndiyo hii, imefika. Sikupiga kelele. Nilivuta shuka mpaka kidevuni, nikabana mapaja, kana kwamba kubana kungesaidia kitu.

Kabula alikuwa bado dirishani. Akakikunja kitambaa kwa ndani, akakiweka chini, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Nimekuambukiza," akasema.

"Nini?"

"Ni vitambaa vyangu. Nimevivalia ugonjwa wangu, nikakuletea ukavae. Mayu, mama yangu! Walisema mimi ni mkosi, nikakataa. Naona sasa." Akaanza kukusanya vitambaa vilivyobaki, anavitupia kwenye kanga bila kukunja, yeye ambaye hajawahi kuacha kitu bila kukunja. "Naenda nyumbani. Nisikuguse tena."

"Kabula, usiniache."

"Nikikaa nitakuua."

"Sista!" nikaita. "Sista!" Tumbo lilinichoma kwa kuita, lakini niliita mpaka wagonjwa wote wakakaa vitandani. Sista akaja, akakiona kitambaa, uso ukambadilika, akamshika Kabula mkono asitoke na akamtuma mtu jikoni kwa madaktari. Daktari alifika bado anatafuna.

Waliweka pazia. Akasema ataangalia upya, sasa hivi, hapahapa, ili tusikae na maneno. Mpira wa mkojo ulikuwa bado upo, kwa hiyo dawa ya rangi aliipitisha humo, ikaingia moja kwa moja kwenye kibofu. Huku chini aliweka vipande vya shashi nyeupe, kimoja nyuma ya kingine. Kama kuna tundu, shashi zitaloa rangi. Kisha tukangoja. Nilimwambia Sista amlete Kabula ndani ya pazia. Alikuja kwa kusukumwa. Nilimpa mkono, akakataa kuushika, nikauacha palepale hewani mpaka akaushika.

Daktari akavuta shashi ya kwanza. Damu kidogo. Akavuta ya pili. Ya tatu, iliyokaa ndani kabisa, aliiinua juu kwenye mwanga wa dirisha akaigeuza huku na huku.

"Nyeupe," akasema. "Kibofu ni kizima."

"Basi ile imetoka wapi?" Sikumwamini. Nilitaka kumwamini lakini nilikuwa nimekiona kwa macho yangu.

Daktari alikiinua kile kitambaa, akakitazama, kisha akachukua kingine kutoka kwenye furushi, kikavu, ambacho hakijaguswa, akakikunjua. Katikati ya mkunjo kulikuwa na baka. Akakikunjua kingine. Baka.

Sista akakinyakua akakisugua kwa kidole chenye mate. "Hii ni buluu ya kufulia," akasema. "Haikuyeyuka vizuri."

Wote tukamtazama Kabula.

"Niliharakisha," akasema kwa sauti ndogo. "Niliposikia Minza anapasuliwa nilifua vyote jioni ileile. Sikuichuja. Nikavipiga pasi giza limeingia."

Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, huku nimeshika tumbo na machozi yananitoka, maana hofu ikikutoka ghafla haichagui njia. Kabula hakucheka. Daktari pia hakucheka. Alikuwa amesimama na vile vitambaa mkononi, anatazama jinsi vilivyo vingi.

"Vya nani hivi vyote?"

"Vyangu," Kabula akasema.

"Mtu mmoja? Vya nini, vingi hivi?"

Kabula alinitazama mimi, na nikaona anaomba niseme uongo. Nami nikamwambia, "Mwambie, dada. Huyu anaangalia."

Kiswahili kikamkimbia. Alisema kwa Kisukuma, macho sakafuni, Sista akitafsiri: kwamba anavuja, kwamba ni tangu mvua ile ya mtoto, kwamba yeye hukaa mbali asije akachafua. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba mimi, mgonjwa wake, kama ninaweza kusogezwa kitanda cha pili, ili dada apande hapo.

Dawa ileile ya rangi, shashi zilezile nyeupe. Safari hii mimi ndiye niliyemshika mkono, nimekaa upande na mfuko wangu wa mkojo mapajani. Daktari alivuta shashi ya kwanza, nayo ilitoka buluu tupu, inadondoka. Kabula aliiona akafunika uso kwa kanga. Alikuwa ametoka kusikia kwamba nyeupe ndiyo uzima.

"Mama, fungua uso," daktari akamwambia. "Usilie. Nilikuwa natafuta tundu, na limejionyesha. Ni dogo. Linashonwa."

"Linashonwa?" Kabula akauliza, kwa Kiswahili.

"Linashonwa."

Akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye bingwa. "Minza, linashonwa?"

Mimi ni fundi. Nikamwambia ndiyo.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo hofu iliisha. Daktari alinionya kwamba mahali palipobanwa panaweza kufa polepole na kufunguka baadaye, kwa hiyo wiki zile za mwanzo nyumbani kila nilipopiga chafya nilijishika. Walipotoa mpira niliogopa kukojoa, na nilipokojoa niliogopa kwamba nimekojoa kidogo. Mama mkwe alikuja na michembe, akakaa, akatazama kiti changu kuliko alivyonitazama mimi. Baba Masanja alinifulia nguo mwenyewe mwezi mzima, wenzake wa maduara wakamwita mama mdogo, naye akafua tu. Mvua zikaisha, nikarudi kwenye cherehani. Mto mweusi wa Mama Yasmini nilimrudishia, akaupokea bila maneno.

Kabula alishonwa kiangazi, daktari aliporudi kwa mzunguko wake. Nilikwenda kumuuguza. Alilala na mpira siku nyingi, na kila siku aliniuliza rangi ya kitambaa, nami nikakipeleka dirishani nikamwambia. Mpira ulipotolewa nilikuja naye Kharumwa badala ya kumrudisha kwa baba.

Wewe uliyeambiwa kizazi kitolewe, nenda. Lakini umwulize anayekupasua: utageuza nguo uangalie kabla sijashuka mezani? Usione haya. Mimi niliuliza nikiwa nimefungwa miguu juu.

Asubuhi ya kwanza pale Kharumwa, Kabula alikataa kiti. Alisimama barazani kwangu ameegemea nguzo, nikimwambia akae anasema nduhu, si neno, atasimama. Mama Yasmini akatoka dukani na kiti chake mwenyewe, kile chenye mto wa kitambaa cheupe, akakiweka mbele yake, akarudi ndani. Kabula akakaa ukingoni. Nilishona shati zima, nikaanza la pili, naye bado amekaa. Kisha akainuka, na sote wawili tukageuka kwa pamoja kutazama mto ule.

Ulikuwa mkavu. Akaukandamiza kwa kiganja kuhakikisha, akanusa kiganja, akakaa tena.

Miaka imepita. Mpaka leo mmoja wetu akiinuka kwenye kiti, mwenzake anageuka kutazama.